MWENZETU MLEVI: AFUKUZWE AU ASAIDIWE APONE?



Katika mikutano ya matawi kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila mara. Mwanachama amekutwa amelewa kazini. Mnyapara ameandika jina lake, ofisi imemwita, na barua ya kumfukuza iko mezani. Je, Chama kimtetee mtu kama huyo? Wengine husema, "Aende zake, amejitakia mwenyewe." Wengine husema, "Ni mwenzetu, tumtetee hata kama amekosa." Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili hayatoshi. Hao wa kwanza wanamwacha mwenzao azame. Hao wa pili wanamrudisha kazini leo, na mwezi ujao ataanguka tena, pengine safari hiyo ndani ya mashine.

Tunaandika makala hii kueleza jibu la tatu. Tunaiandika kwa Kiswahili kwa kuwa katika mashamba ya miwa na ya chai hapa Uganda, na katika viwanda vyetu, tuko watu wa makabila mengi, na wengine wetu tumetoka nchi jirani. Pombe kali nayo ina majina mengi kama sisi. Hapa inaitwa waragi au lira-lira, Kenya chang'aa, Tanzania gongo, Rwanda kanyanga, na Katanga lutuku. Majina ni mengi, lakini kileo kilichomo ni kimoja na shida yake ni moja.

1. ULEVI NI UGONJWA WA NAMNA GANI

Si kila anayekunywa ni mgonjwa. Yuko mtu anayekunywa kidogo arusini na kurudi nyumbani kwake salama. Yuko mwingine anayekunywa mno siku ya mshahara, akapigana, akapoteza fedha, kisha akakaa wiki mbili bila kugusa. Huyu wa pili anajidhuru, lakini bado mwili wake unaweza kukaa bila pombe. Wa tatu ni yule ambaye mwili wake umekwisha kuizoea pombe hata hauwezi kutulia bila hiyo. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate kitone. Huyu ndiye tunayemwita mgonjwa, na madaktari wa dunia nzima wanauandika ugonjwa wake katika orodha ya magonjwa kama wanavyoandika malaria na kisukari.

Tueleze jinsi unavyokuja. Pombe hupunguza mwendo wa ubongo. Ndiyo maana mlevi husema polepole na miguu yake haimtii. Ubongo haukubali kulazwa kila siku, kwa hiyo hujisukuma kwa nguvu ili kushindana na pombe. Fikiri juu ya mtu anayesukuma mkokoteni wa miwa kupanda mlima. Amezoea uzito ule, na mwili wake wote umeinama mbele. Ukiuondoa mkokoteni ghafla, ataanguka kifudifudi. Ndivyo ulivyo ubongo wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi. Pombe ikikosekana, ubongo huenda mbio bila breki. Kutetemeka kwa mikono, jasho, moyo kudunda na kukosa usingizi, vyote vinatoka hapo. Si uvivu, wala si kurogwa.

Madhara mengine tunayaona kila siku. Ini linaharibika, tumbo linajaa maji, mtu anakonda na kusahau. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu pombe kuwa miongoni mwa vitu vinavyoleta kansa. Shirika hilo limekadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Basi hatuzungumzi juu ya aibu ya mtu mmoja. Tunazungumza juu ya jambo la afya ya wafanyakazi, kama vumbi la kiwandani na dawa za kunyunyizia mimea.

2. HESABU ILIYOMO NDANI YA CHUPA

Wengi wetu hatujui tunakunywa kiasi gani. Tufanye hesabu pamoja.

Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kileo cha asilimia 5, ina gramu kama 20 za kileo. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200, yenye kileo cha asilimia 40, ina gramu kama 63. Maana yake ile chupa ndogo inayoingia mfukoni ni sawa na bia tatu kubwa.

Ini la mtu huondoa kileo polepole, kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa. Haliharakishwi na kahawa, wala maji baridi, wala supu ya pilipili. Basi chupa moja ndogo ya waragi huchukua saa 6 hadi 9 kutoka mwilini, na chupa mbili huchukua saa 12 hadi 18. Aliyemaliza ya pili saa tano za usiku, kengele ya saa moja asubuhi inamkuta bado amelewa, ingawa amelala, ameoga na anasema vizuri. Anashika panga la kukatia miwa au anasimama karibu na boila akiwa na kileo cha jana. Ajali nyingi za asubuhi ya baada ya mshahara zichunguzwe kwa hesabu hii.

Pombe ya kupika nyumbani haina hesabu. Dumu la leo linaweza kuwa kali mara mbili kuliko la jana, na mnywaji hana njia ya kujua.

3. KUACHA GHAFLA KUNAWEZA KUUA

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana jambo hili wengi hawalijui.

Mtu akipata mafua akaacha pombe kwa siku mbili, na kama si mlevi wa kila siku, hana hatari. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kufa. Katika saa 6 hadi 48 za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuweweseka. Anaona wadudu ukutani, anasikia watu wanaomwita, hajui yuko wapi, homa inapanda na moyo unakwenda mbio. Jamaa husema amepandwa na majini, na wengine humfunga kamba au kumfungia chumbani. Ndugu, mtu huyo anahitaji hospitali mara moja. Yako madawa ya kuutuliza ubongo wake kidogo kidogo mpaka utulie wenyewe, na iko vitamini B1 ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo na ambayo isipotolewa akili inaweza kuharibika kabisa. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua siku chache tu, kama wiki moja.

Kwa hiyo mnyapara anayemfungia mlevi stoo "mpaka pombe imtoke", au mchungaji au shehe anayemwapisha mtu aache leo leo bila kumpeleka zahanati, wote wana nia njema lakini wanacheza na maisha ya mtu. Mwanachama anayetetemeka asubuhi asiambiwe "acha leo". Aambiwe "twende kwa daktari, uache kwa njia iliyo salama." Na kama zahanati iko mbali, apunguze kidogo kidogo kwa shauri la mganga, asikate kwa siku moja.

4. POMBE YENYE SUMU

Iko hatari nyingine, nayo haichagui mlevi wa siku nyingi wala mnywaji wa mara moja. Ni methanoli. Methanoli ni pombe ya viwandani inayofanana na pombe ya kunywa kwa rangi na kwa harufu. Wafanyabiashara wenye tamaa huichanganya ili kuongeza ukali. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huharibu mishipa ya macho na kuua.

Mwezi wa Novemba 2000 katika vitongoji vya Nairobi pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Aprili 2010 hapa Uganda, katika wilaya ya Kabale na majirani zake, waragi yenye methanoli iliua watu wapatao 80. Walio wengi walikuwa watu wa kazi kama sisi, wanunuzi wa pombe ya bei ndogo.

Dalili zake hukawia. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, kisha baada ya saa 12 hadi 24 anaumwa kichwa na tumbo, anatapika, anahema haraka, na macho yanaona ukungu. Akisema "sioni vizuri", msingoje hata dakika moja. Hospitali ina dawa ya kuizuia sumu ikiwa mgonjwa atafika mapema. Kisha watafuteni wote waliokunywa dumu lile lile, hata wale wanaosema hawajambo, nao wapelekwe. Tena msidanganyike na kipimo cha kuwasha moto, wala kuonja, wala kunusa. Hakuna kati ya hivyo kinachoonyesha methanoli.

5. POMBE NA MSHAHARA

Baadhi ya wenzetu husema ulevi ni tabia mbaya ya mfanyakazi peke yake. Historia haisemi hivyo.

Afrika ya Kusini, katika mashamba ya zabibu ya Cape, wenye mashamba waliwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, wakiwagawia vikombe kadhaa kila siku ya kazi. Mpango huo uliitwa "dop". Ulikatazwa kwa sheria katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliuendeleza hata miaka ya 1990. Faida ya mwenye shamba ilikuwa mbili. Alitoa mvinyo hafifu badala ya fedha, tena alimpata kibarua asiyeweza kuondoka. Mpaka sasa eneo hilo ni miongoni mwa maeneo ya dunia ambako watoto wengi zaidi wanazaliwa na upungufu wa akili na wa mwili kwa sababu mama zao walikunywa wakiwa na mimba.

Mjini Durban, tangu mwaka 1908, serikali ya mji ilijipa peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida ikalipia utawala uliowakandamiza. Mwaka 1929 chama cha wafanyakazi cha ICU katika Natal, chini ya A. W. G. Champion, kiliongoza mgomo wa kutoingia katika vilabu hivyo. Hawakugoma kwa kusema kunywa ni dhambi. Waligoma kwa kuwa fedha ya mfanyakazi ilikuwa ikitoka mkono mmoja na kurudi kwa mtawala kwa mkono mwingine. Basi jambo la pombe si geni kwa vyama vya wafanyakazi wa Afrika. Ni jambo letu la siku nyingi.

Tuangalie na kwetu. Kuna mahali baa imejengwa hatua chache kutoka geti la malipo. Kuna mwenye kilabu anayeshika kadi ya benki ya mfanyakazi mpaka deni liishe, na deni haliishi. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza kabisa kulipa mshahara kwa pombe kali, na unakataza kulipia mishahara katika baa. Uganda iliuridhia mwaka 1963. Tawi linaloona mshahara wa wanachama wake unaishia kilabuni kabla haujafika nyumbani lina haki ya kulileta jambo hilo mezani mbele ya mwajiri.

Serikali nazo zimejaribu. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, yaani viroba, tangu Machi 1, 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Hatua hizo ni nzuri, kwa sababu kifuko cha bei ndogo kilimfikia hata mtoto wa shule. Lakini marufuku haimponyi aliyekwisha kuugua. Akikosa kifuko hutafuta dumu.

6. MTU HAPONI PEKE YAKE

Hospitali husafisha mwili. Lakini mgonjwa akitoka hospitali hurudi laini, chumba kile kile, mlango unaotazamana na jirani anayepika pombe, marafiki wale wale wanaomwita kwa jina. Hapo ndipo wengi huanguka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uponyaji iko kwetu sisi tunaokaa naye.

Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba waliweza kukaa bila pombe walipokutana na kuzungumza, mlevi kwa mlevi, bila kuhukumiana. Kutoka kwao vikazaliwa vikundi vya Walevi Wasiotajwa Majina, ambavyo leo viko katika nchi nyingi, na Uganda ikiwemo. Havitozi ada. Kinachohitajika ni chumba, viti, na watu wanaotunza siri.

Hata wasomi wamelazimika kujifunza somo hilo. Katika vyuo vikuu vya Marekani wanafunzi waliotoka katika matibabu walirudi mabwenini na kukuta karamu za pombe kila mwisho wa wiki. Chuo Kikuu cha Rutgers, katika jimbo la New Jersey, kilianza kuwasaidia mwaka 1983, na mwaka 1988 kikawapa nyumba ya kukaa pamoja isiyo na pombe, ndani ya chuo, ili wasilazimike kuchagua kati ya masomo na uzima. Tunataja mfano huu kwa sababu bweni la wanafunzi na laini ya vibarua ni kitu kimoja kwa jambo hili. Pote pawili watu wengi wanaishi karibu karibu, mbali na wazazi, na kila mmoja anafanya anachofanya jirani. Kama chuo kimeweza kutenga nyumba, shamba haliwezi kutenga vyumba vinne?

Karibu nasi zaidi, Zanzibar, tangu mwaka 2009 ziko nyumba za upataji nafuu kwa watu walioathirika na heroini. Wanaoziendesha wengi wao walikuwa wagonjwa wenyewe. Mgeni anapokelewa na mtu anayejua maumivu yake, anapewa zamu ya kupika na kufagia, anahudhuria mikutano kila siku, na akipona humpokea mwingine. Bara, hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilianza mwezi wa Februari 2011 kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadoni. Mgonjwa hufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya muuguzi, mwili unatulia, haibi, hajidungi sindano ya kuazima yenye hatari ya UKIMWI, na anaweza kurudi kazini. Hapa Uganda hospitali ya Butabika ilianza huduma hiyo mwaka 2020.

Katika mifano yote hiyo mgonjwa hakutengwa. Aliwekwa katikati ya wenzake, akapewa kazi, na akatazamiwa kurudi kesho.

7. ASIYEACHA BADO, ASIFE

Wako watakaouliza, "Na yule anayekataa kuacha?" Tunasema huyo naye ni mwanachama. Maiti haiponi. Kumlinda mtu asife leo si kumwambia aendelee kunywa. Ni kumpa nafasi ya kuacha kesho. Basi tushike haya:

Kwanza, asinywe na tumbo tupu, na anywe maji katikati. Mkata miwa aliyetoka juani mwili umekauka, na pombe huukausha zaidi.

Pili, panga libaki nyumbani. Asiende nalo kilabuni.

Tatu, siku ya mshahara fedha ya chakula na ada ya watoto itolewe kwanza, ipelekwe kwa mke au katika chama cha kuweka na kukopa, kabla ya kupita penye baa. Kadi ya benki isiwekwe rehani kwa mtu yeyote.

Nne, asinywe peke yake, wala asirudi peke yake usiku katika barabara ya matrela ya miwa. Aliyelala barabarani akiwa amelewa haonekani na dereva.

Tano, asichanganye pombe na vidonge vya usingizi wala dawa kali za maumivu. Vyote huzuia pumzi.

Sita, aliyezimika alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili matapishi yasimzibe. Asiachwe peke yake. Akipumua kwa shida, au asipoamka mkimtikisa, apelekwe hospitali.

Saba, mama mjamzito asinywe hata kidogo. Mume naye amsaidie kwa kutoileta pombe nyumbani.

8. KAZI YA TAWI

Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilitoa kanuni za kuongoza mambo ya pombe na madawa kazini. Zinasema mambo ambayo kila katibu wa tawi anafaa kuyajua. Shida ya pombe ihesabiwe kuwa shida ya afya kama nyingine. Mfanyakazi anayejitokeza kutafuta matibabu asibaguliwe wala asipoteze kazi kwa sababu hiyo. Siri yake itunzwe. Masharti ya pombe kazini yawahusu mabwana wakubwa na vibarua kwa usawa, na yatungwe kwa kushauriana na wafanyakazi. Tena zinakubali kwamba mwajiri ana haki ya kumwadhibu anayevunja nidhamu, lakini matibabu yatangulizwe kuliko adhabu.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi hafifu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, pamoja na mtu aliyemchagua kusimama naye. Mtu huyo anaweza kuwa mjumbe wa Chama. Basi mwanachama asiingie ofisini peke yake, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Tunashauri kila tawi lifanye haya:

(a) Lichague watu watatu wanaoaminika, mmoja wao awe mwanamke, na kama yupo, mmoja awe aliyewahi kuacha pombe. Hao ndio watakaomwendea mgonjwa. Wamwendee asubuhi akiwa na akili zake, si usiku akiwa amelewa, wala si mbele ya watu.

(b) Katika mapatano ya pamoja na mwajiri liingizwe sharti la matibabu: likizo ya ugonjwa kwa siku za hospitali, kurudi kazini kwa cheo kile kile, na kuwekwa mbali na mashine za hatari mpaka daktari aridhike.

(c) Pawepo mkutano wa walioacha, mara moja kwa wiki, baada ya zamu. Anayerudi hospitali asikose mtu wa kumpitia nyumbani kila jioni kwa miezi ya kwanza, maana ndiyo migumu.

(d) Vijana wapatiwe mpira, kwaya au bustani. Laini isiyo na kitu ila kilabu italea walevi.

(e) Wanaopika pombe wasikilizwe. Wengi ni wanawake wajane au wake za wanachama wetu, na dumu ndilo linalolipa ada ya shule. Polisi wakimwaga dumu leo, kesho litapikwa jingine usiku, kwa kujificha na kwa hatari zaidi. Tawi liwasaidie waingie katika chama cha kuweka na kukopa na kupata biashara nyingine. Wanaoendelea nao waelezwe habari ya methanoli, wasinunue kitu cha kuongeza ukali kwa mtu wasiyemjua.

Tena tuseme wazi kwamba kumsaidia mlevi si kumficha. Yuko mwanachama anayemkatia mwenzake mstari wa miwa kila Jumatatu na kumdanganya mnyapara kwamba jamaa anaumwa malaria. Anafikiri ni wema. Kwa kweli anamwongezea mgonjwa miaka ya ugonjwa, maana hakuna kinachomsukuma kutafuta tiba. Na anayewapiga watoto, au anayewasha mashine akiwa amelewa, azuiwe mara moja, hata kama ni mjumbe wa kamati. Huruma kwa mmoja isigeuke hatari kwa kumi.

Mwisho, mwenzetu akirudia pombe baada ya miezi mitatu, tusiseme kazi yote imepotea. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu naye hupanda na kushuka, na hakuna anayemfukuza zahanati kwa hilo. Miezi mitatu aliyokaa bila pombe ni miezi ambayo watoto walikula. Arudi, aanze tena, na wale watatu wa tawi wampitie jioni.

Basi tunajibu swali la matawi hivi: Chama kimtetee mwanachama mlevi asifukuzwe bila kusikilizwa, kimpeleke akatibiwe kwa njia iliyo salama, na kimlinde asife kabla hajapona. Makatibu wa matawi wanaombwa kuisoma makala hii kwa sauti katika mkutano ujao, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, na kuwachagua wale watu watatu siku hiyo hiyo kabla mkutano haujafungwa.